Karatasi Mbili za Bi Hatua

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kazini kwake hawamwiti jina lake. Wanamwita Bi Hatua. Lilianza kwa utani tu. Yeye alikuwa karani wa mapokezi kwenye karakana ya pampu za maji, kazi yake kupokea simu na kuandika nani kaleta nini. Sasa mteja anapiga simu, anakaribia kulia, pampu inanguruma na maji hayatoki. Mafundi wamelala chini ya mashine, mikono imejaa grisi. Nani amjibu? Anajibu yeye.

"Tulia, mzee. Hatua ya kwanza, nenda mpaka ilipo pampu. Umefika? Haya, hatua ya pili."

Mafundi wakasikia hatua, hatua, kutwa nzima, wakampachika.

Baadaye alichoka kurudia maneno yale yale, akaanza kuyaandika. Kila kazi ya pampu na karatasi yake: namna ya kusafisha chujio, namna ya kutoa hewa iliyonaswa, mambo ya kutazama kabla hujapiga simu. Akazitia plastiki zisilowe. Mteja akija kuchukua pampu yake anaikuta karatasi imefungwa kwa waya mpinini. Hakuna aliyemtuma, wala mshahara haukuongezeka hata nukta. Aliifanya kazi hiyo miaka saba.

Mimi nilikuwa fundi rangi. Nimepaka kuta za watu miaka arobaini, na shule niliiacha darasa la nne kwa sababu ya mwalimu mmoja na fimbo yake, lakini hayo tuyaache, marehemu hasemwi. Ninachotaka kusema ni kwamba karatasi zile zote alizijaribu kwangu kwanza. Alikuwa akileta nyumbani pampu mbovu, anaiweka sakafuni kwenye gazeti, ananipa karatasi na bisibisi, kisha anakaa pembeni kimya kama msimamizi wa mitihani. Sharti lake lilikuwa moja.

"Mjomba, fanya kilichoandikwa tu. Usitumie akili."

"Hilo halinishindi," namwambia.

Nikikwama hanisaidii. Anaandika tu pale nilipokwama. Siku moja karatasi ilisema nifungue kifuniko, nikafungua kifuniko cha chupa ya chai iliyokuwa karibu yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akafuta na kuandika upya: kifuniko cheusi juu ya pampu. Aliniambia mtu akikosea kufuata maelekezo, kosa ni la aliyeandika. Nikawaza, kumbe ningesomeshwa na huyu, huenda ningefika mbali.

Basi mwaka huu mwenye karakana akawaita wote, akawaambia anafunga mwisho wa mwezi. Mafundi wana ufundi wao, fundi hakosi pa kushika spana. Lakini karani wa mapokezi wa miaka arobaini na mmoja, asiye na shahada, anaishi na mama yake ambaye miguu haimtaki tena, huyo aende wapi? Aliomba kazi sehemu kumi na moja. Hakuna hata mmoja aliyemjibu, hata kumwambia hapana.

Ndipo likatoka tangazo. Kiwanda cha kutengeneza pampu kinatafuta mwandishi wa maelekezo ya ufundi, yaani mtu wa kuandika vile vitabu vidogo vinavyokaa ndani ya boksi. Wanataka wasifu wa kazi usiozidi kurasa mbili, na mfano mmoja wa kitu ulichoandika. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Alinisomea tangazo lile Jumatano, tumeketi jikoni kwa dada, nyumba tunayoishi sote watatu.

"Mjomba, hii ni kazi yangu. Ni kama wameniona. Nikikosa hii, basi mimi ni wa kupokea simu mpaka nizeeke. Na simu zenyewe siku hizi kila mtu anapokea ya kwake."

"Wasifu umeandika?"

"Ninao. Ndio ule ninaoutuma siku zote."

Akanipa. Kurasa nne. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti, maana mimi nisiposikia sielewi. "Mimi ni mchapakazi hodari, mwenye kujituma, mwenye uwezo wa kufanya kazi peke yangu na pia katika kundi, mwenye moyo wa kujifunza mambo mapya na kuhimili mazingira ya aina yoyote." Nikashusha karatasi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Mimi simjui. Huyu anaweza kuwa mlinzi. Anaweza kuwa ngamia."

Dada yangu, aliyekuwa anachambua mchele, akaona mtoto wake anaonewa. "Muache mwanangu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Sawa, dada. Hiki chema kimekaa rafuni miaka saba, bado kinangoja mnunuzi."

Nikaendelea. Ukurasa wa pili, shule, tangu ya chekechea. Ukurasa wa tatu, kazi: kupokea simu, kupokea wageni, kutunza daftari. Chini kabisa, baada ya kuagiza vifaa vya usafi, kulikuwa na mstari mmoja: kuandaa karatasi za maelezo inapohitajika. Ukurasa wa nne, anachopenda: kusoma, kusafiri na kutazama mpira.

"Umesafiri wapi?"

"Kwa shangazi."

"Na zile karatasi zako? Zile nilizofanyia kazi mpaka mgongo ukaniuma? Ndio huu mstari mmoja baada ya sabuni?"

Akainamisha kichwa. "Mjomba, zile za kufunga kwa waya? Ile si kazi. Kazi yangu imeandikwa kwenye barua ya ajira, karani. Nikisema mimi ni mwandishi wataniuliza nani aliniajiri niandike."

Hapo nikamwelewa. Alikuwa anajionea haya kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake. Sikuwa na maneno mazuri ya kumpa, nikamwambia nilichokijua. "Wewe hujawahi kutoa karatasi bila kuijaribu kwangu. Hii umejaribu kwa nani?"

Akazivuta zile kurasa nne upande wake.

"Haya. Mimi ndiye mkubwa wa kiwanda. Nina maombi mia mezani na macho yanauma. Nimekupa dakika moja tu. Wewe unaandika nini, kwa ajili ya nani, na kulitokea nini baada ya kuandika? Nitafute wapi?"

Akachukua kalamu. Akaanza kuweka alama kila pahali nilipokuwa nimekwama. Hakuacha ukurasa hata mmoja.

Alhamisi aliuandika upya, na mimi nilikaa karibu kama kawaida yangu. Juu kabisa aliweka jina, namba ya simu, kisha mstari mmoja: naandika maelekezo ya pampu za maji kwa watu wasio mafundi. Basi. Ule uchapakazi na ule moyo wa kujifunza tuliupeleka jalalani. Kazi ya karakana akaiita kwa jina la kweli, karani wa mapokezi, ili asionekane muongo, lakini chini yake cha kwanza kikawa karatasi kumi na nne alizoandika, moja kwa kila kazi ya pampu. Kisha akafungua daftari lake la simu na kuhesabu. Kabla ya karatasi ya hewa iliyonaswa, walikuwa wakipigiwa simu zipatazo thelathini kwa mwezi kuhusu tatizo hilo peke yake. Baada yake, tisa. Akaiandika hiyo. Akaandika pia kwamba kila karatasi hujaribiwa na mtu asiye fundi kabla ya kutolewa.

"Mtu asiye fundi," nikasema. "Nimekuwa maarufu."

"Nimekuheshimu, mjomba. Ningeweza kuandika vingine."

Shule akaibakizia mistari miwili. Safari za kwa shangazi zikafa. Kurasa zikawa mbili kamili.

Alihitaji mtu wa kumtolea ushuhuda. Akaenda kwa msimamizi wa karakana, mzee mmoja mfupi mwenye masharubu, wanayemwita Mzee Fyuzi. Jina hilo nalo lina sababu yake. Zamani kijana mmoja aliungua mkono mle, na tangu hapo mzee akaweka sheria: mashine haiguswi mpaka yeye mwenyewe aende ukutani, achomoe fyuzi, aitie mfuko wa shati. Ukimaliza kazi unamfuata umwombe. Hakuna mle ndani aliyewahi kushika pampu yenye umeme, labda yeye.

Bi Hatua alimkuta anakunywa chai, akamweleza shida yake. Alihofia mzee atamcheka.

"Kwa hiyo wataniuliza kama ni wewe uliyeandika zile karatasi?"

"Ndiyo, mzee."

"Nani mwingine aandike? Hawa wangu hata majina yao wanakosea. Weka namba yangu. Na uwaambie wapige asubuhi, mchana nasinzia."

Ijumaa saa saba mchana vilikwenda, wasifu kurasa mbili pamoja na mfano: karatasi ya kusafisha chujio la pampu, aliyoiona ni nzuri kuliko zote. Jioni ile alikuwa mwepesi. Alicheka na mama yake, akanioshea na vyombo ambavyo ilikuwa zamu yangu.

Jumamosi asubuhi nikajiona na mimi nina deni la furaha, nikataka kumfanyia kitu. Uani kwetu tuna pampu inayopandisha maji mpaka ghorofa ya pili, na maji yalikuwa yanatoka membamba kama uzi. Chujio hilo, nikasema. Karatasi ninayo. Nikachukua ndoo, bisibisi na karatasi yenyewe, nikaanza. Moja, funga koki ya maji yanayoingia. Nikafunga. Mbili, weka ndoo chini ya chujio. Nikaweka. Tatu, legeza skrubu nne za kifuniko. Nimelegeza tatu, uso uko karibu kwa sababu ya macho yangu haya, jirani wa juu akafungua bomba lake.

Pampu yetu hujiwasha mtu akifungua bomba. Iliwaka ikinguruma kama simba. Maji yote yaliyokuwa tumboni mwake, na uchafu wa miaka, yalinijia usoni. Nikajitupa pembeni, nikateleza, nikakaa ndani ya ndoo.

"Nani anachezea maji huko?" jirani akapaza sauti dirishani. "Nina povu kichwani!"

"Na mimi nina tope!"

Mpwa wangu akatoka mbio. Aliponiona ndani ya ndoo alikufa kwa kicheko, akaja kunivuta mkono, akanifuta macho kwa kanga. Dada naye akafika mlangoni kwa mkongojo wake, akasema uzee wa kaka yake umeingia kichwani. Tukawa tunacheka wote watatu. Kisha mpwa akaniuliza, bado anacheka, "Sasa mjomba, kwa nini hukuzima umeme?"

"Hukuandika."

Kicheko kikakatika kama uzi. Akaiokota karatasi iliyolowa nje ya plastiki yake, akasoma hatua ya kwanza mpaka ya nane. Akaanza tena. Haikuwemo. Karatasi kumi na nne, miaka saba, haikuwemo hata moja.

"Karakana fyuzi inakuwa mfukoni mwa mzee," akasema polepole. "Na zile nilizokuletea hapa sakafuni hazikuwa na waya ukutani. Sijawahi... Mjomba, sijawahi kuona pampu ikifunguliwa ikiwa na umeme."

Akakaa kwenye ngazi. Nilijua anawaza nini kwanza, kwa sababu aliuliza: wateja? Akaingia ndani kumpigia Mzee Fyuzi. Mzee akamwambia mafundi huwaambia wateja kwa mdomo wanapokabidhi, zima ukutani kwanza, na hakuna aliyewahi kurudi na malalamiko ya kuumia, lakini Jumatatu wapigiwe wote waliomo daftarini, mmoja mmoja. Akasema atasaidia kupiga. Hilo likamshusha pumzi kidogo. La kiwanda likabaki.

"Nyamaza," dada akasema. "Wana maombi mia, atakayefika mpaka kwenye mfano ni nani? Ukiwaandikia wewe mwenyewe kwamba umekosea, umejikatia tawi ulilokalia."

"Na wakifika, mama?"

"Wakifika ni bahati mbaya. Lakini usiiite."

Nikaulizwa mimi. Ningependa kusema nilitoa neno la hekima. Sikutoa. Nilikuwa nasikia tope masikioni, na kwa kweli nilikubaliana na dada. Nilimtamani mtoto huyu apate kazi ile kuliko nilivyotamani kitu kingine mwaka huu. Nikasema, "Ngoja kwanza."

Yeye akaniangalia, maji yananitiririka. "Lingekuwa tatizo la maji tu, ningengoja," akasema. Akafungua kompyuta yake kuukuu, akaandika mistari minne. Alinisomea kabla ya kutuma, kama kawaida. Katika mfano niliowatumia jana, hatua ya kwanza imekosekana. Hatua hiyo ni: zima umeme kwenye swichi ya ukutani na uhakikishe pampu haiwaki. Nimeambatanisha karatasi iliyosahihishwa. Tafadhali msiitumie ile ya kwanza.

"Huombi radhi?" nikauliza.

"Karatasi haiombi radhi, mjomba. Inasahihisha."

Akabonyeza. Basi ikawa imekwenda.

Zile siku sitaki kuzikumbuka sana. Hakuwa na hasira wala hakulia, lakini chakula alikuwa anakisogeza tu sahanini. Jumatatu na Jumanne walipiga simu kwa wateja, yeye na Mzee Fyuzi, na mzee akaacha kusinzia mchana siku hizo mbili. Jumanne jioni kiwanda kikapiga: aje kwenye mahojiano Alhamisi, saa tatu.

Mambo ya huko sikuyaona, nasema alivyonisimulia. Walikuwa wawili, mama mmoja wa ofisi ya ajira na mhandisi mrefu aliyekaa kimya. Mezani mbele ya mhandisi kulikuwa na karatasi ya kwanza, ile yenye kosa, imezungushiwa duara jekundu juu ya hatua ya kwanza. Mpwa akaiona akasema moyoni, yamekwisha.

"Hii niliisoma Ijumaa ile ile," mhandisi akasema. "Nilikuweka kwenye rundo la hapana. Sitaki mtu wa kuunguza wateja wangu. Jumatatu nikakuta barua yako. Ulijuaje?"

"Mjomba wangu aliifuata, mheshimiwa. Pampu ikamrushia maji."

"Aliumia?"

"Aliloa tu."

"Na wewe ulikosaje kitu kama hicho?"

Hakujitetea. Akaeleza habari ya fyuzi na mfuko wa shati, na pampu za sakafuni zisizo na waya, na kwamba tangu Jumamosi sharti la kujaribu limebadilika: pampu iwe imefungwa mahali pake inapofanyia kazi, si kwenye gazeti. Mhandisi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua droo, akatoa kitabu cha kiwanda chao wenyewe, akamsogezea. Akamwambia asome ukurasa wa sita atafute kilichokosekana.

Alisoma. Akawaambia kitabu kinamwambia mtu ajaze maji kwenye pampu kabla ya kuiwasha, lakini hakimwambii ayajazie wapi.

"Si lile tundu la pale juu," mhandisi akasema, halafu akauvuta ukurasa autazame mwenyewe. Mama wa ofisi ya ajira akaanza kucheka, akaziba mdomo.

Wakampa pampu mpya, meza na saa moja aandike namna ya kuifunga. Alipomaliza, wakamwita mfagiaji wa ofisi, mama wa makamo, wakampa karatasi. Mpwa wangu akakaa pembeni kimya. Anasema dakika zile alihesabu vigae vyote vya sakafu. Yule mama alikwama mara moja tu, kwenye neno, na mpwa akaandika pale alipokwama bila kuambiwa na mtu.

Wakasema watapiga.

Walipiga Ijumaa, wiki moja kabla karakana haijafungwa. Tulikuwa mezani mchana, dada, mimi na yeye. Simu ikalia akaiangalia kama nyoka. Akapokea, akasimama, akageukia ukuta.

"Ndiyo. Ndiyo, mama. Naelewa. Miezi mitatu ya majaribio, naelewa. Tarehe moja? Nitakuwepo. Ahsante. Hapana, ahsanteni nyinyi."

Akaweka simu mezani, polepole, kama yai.

"Wamesemaje?" dada akauliza. "We mtoto, wamesemaje? Mbona unaniua?"

"Nimepata, mama."

Dada akaanza kulia na kumgombeza kwa wakati mmoja, kwa nini hakusema haraka, anataka presha imwondoe? Mimi nilitoka kidogo uani, nikasimama pale kwenye pampu, nikashusha pumzi ambayo nadhani ilikuwa imekwama humo tangu Jumamosi ile. Jua lilikuwa kali. Nikasikia niko mwepesi, kama siku ile unayoteremka kwenye jukwaa la rangi, ukuta wa mwisho umekwisha na mvua haijanyesha.

Niliporudi, mpwa wangu amekaa, amevuta sahani. Chakula kilikuwa kimepoa. Dada akataka kumpashia moto, akakataa. Akala kile kile cha baridi, akamaliza, akaomba kingine, akala hicho nacho. Na sisi wazee wawili tulisahau kula. Tulimtazama tu anavyotafuna.